Balozi Aliyeomba Kituo Kisichotakwa

Mashine ya kuvunjia zege ilinyamaza, na vumbi likaanza kutua juu ya kofia za mafundi. Inspekta alisogea hadi ukingoni mwa shimo, akawasha tochi, akachungulia. Koplo alibaki nyuma, leso puani.

"Kuna nini, afande?"

"Njoo uone."

"Macho yangu leo hayajisikii vizuri. Wewe niambie tu."

"Pampu," alisema Inspekta. "Pampu ya maji, imeliwa na kutu."

Koplo aliondoa leso, akaja kwa hatua za mtu jasiri, akaitazama pampu kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua.

Walikuwa kwenye orofa ya chini ya ardhi ya jengo refu kuliko yote mjini. Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina lake rasmi, lakini watu waliliita Mnara, na tangu liinuke watu haohao walisema kuna mtu chini yake. Mtu mwenyewe alikuwa fundi mkuu wa waashi, mtu wa mkono wa kushoto, aliyejulikana kwa jina la Timazi, ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu ukuta aliousimamisha yeye hakuna aliyehangaika kuupima tena. Wiki ya kumwaga msingi alitoweka. Mwenye jengo, ambaye wakati ule ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuonja utajiri, hakutoa neno. Jengo likapanda, mengine yakafuata, na mwenyewe akaishia kuitwa Bwana Ghorofa.

Sasa Bwana Ghorofa alikuwa mzee, na serikali ilikuwa imemteua balozi. Siku redio ilipotangaza uteuzi huo, mke wa Timazi alifunga duka lake la ushonaji, akaenda kituo cha polisi, akakaa kwenye benchi mpaka akapewa mtu wa kumsikiliza. Alipewa Inspekta, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, ambaye wenzake walimwita Sindano kwa kuwa huingia bila kelele na mtu akaja kusikia maumivu baadaye. Mama yule alisema jambo moja tu: "Kabla hajapanda ndege, aseme mume wangu yuko wapi."

Kamati ya kupitisha mabalozi ilitaka jibu kabla ya Ijumaa. Kona hii ya sakafu ilikuwa na rangi tofauti na nyingine, na mhandisi mzee aliyesimamia ujenzi alikuwa amekiri kwamba kuna kitu kimefukiwa hapo. Mhandisi huyo sasa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkongojo kati ya magoti.

"Mzee, kwa nini hukutuambia ni pampu?" Inspekta alimuuliza.

"Mliniuliza kama kuna kitu kimefukiwa. Nikasema kipo. Kabla sijafunga mdomo huyu bwana mnene alikuwa ameshaita mashine."

Koplo alikohoa.

"Maji yalichimbuka kwenye kona hii jengo likiwa limeshakamilika," mzee aliendelea. "Tukaweka pampu. Ilipokufa tukaifunika. Timazi alikuwa ameshaondoka zamani."

"Ameondoka au ametoweka?"

"Mimi nasema nilichokiona. Siku ya zege alisimama pale juu toka asubuhi hadi ndoo ya mwisho. Ilikuwa kazi ya ndoo kweli, maana winchi tuliyoahidiwa ilikuwa haijafika. Haikufika kamwe. Jua lilipoanza kushuka nilimpa mkono wa pongezi, akaniambia anakwenda nyumbani kuoga."

"Kwa hiyo msingi ulikuwa umeshamwagwa wote, naye yuko hai."

"Hai, na ana njaa."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Kumwambia nani? Watu walikuwa wananong'ona tu. Nyinyi ndio wa kwanza kuja kuniuliza."

Inspekta alizima tochi. "Koplo, waambie mafundi wazibe shimo. Hapa hapana kaburi."

*

Duka la ushonaji lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa, cherehani mbili, na magauni ya sherehe ya watoto yaliyoning'inia kama kundi la ndege. Mke wa Timazi alikuwa anapinda pindo. Hakuacha kushona walipoingia, ila mguu ulipunguza mwendo.

"Mmemkuta?"

"Hayupo pale, mama," alisema Inspekta. "Nataka turudie siku ile. Maelezo yako yanasema alipotea siku ya zege. Siku hiyo alirudi nyumbani?"

"Alirudi. Akaoga, akala, akatoka tena. Alisema bosi wake ana kazi ya siku chache, nisiwe na wasiwasi."

"Kazi gani?"

"Sikuuliza. Kazi yake ilikuwa jengo. Angekwenda wapi tena?"

"Alibeba nini?"

Mguu ulisimama kabisa. "Mfuko wake wa zana. Na sweta la marehemu baba yake."

"Ilikuwa majira ya baridi?"

"Baridi wapi, mwanangu? Jua lilikuwa la kutoa mtu akili. Nilimcheka, nikamwambia, utaiva humo ndani kama kiazi. Naye akacheka, akalisokomeza kwenye mfuko, akaenda."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa anatazama dirishani, jambo alilolifanya kila alipopata kitu.

Mlango ulifunguka, akaingia mwanamke kijana mwenye sare ya uuguzi, chakula cha mama yake mkononi. Baba yake alipoondoka yeye alikuwa bado tumboni. Alisalimia, akaweka chakula mezani, akabaki amesimama.

"Naomba niulize, afande. Mkikuta mifupa, mtatuambia sisi kwanza au mtaiambia redio?"

"Nyinyi kwanza."

"Na msipokuta mifupa?"

"Nyinyi kwanza," alirudia Inspekta. "Chochote kitakachokuwa."

*

Ofisi ya Bwana Ghorofa ilikuwa juu kabisa ya Mnara, lakini haikuwa ofisi ya kujionyesha. Meza ilikuwa ya mbao za kawaida, kiti kimechakaa mikononi, na ukuta mzima umejaa picha. Mwenyewe aliinuka kuwapokea, akawavutia viti. Alikuwa mrefu, mweupe wa nywele, na mikono mikubwa isiyolingana na suti.

Inspekta hakukaa. Alianza kutembea kando ya ukuta wa picha.

"Hii ndiyo ya kwanza?"

"Ndiyo hiyo. Nyumba ya kupangisha, paa lake lilikuwa chujio. Niliinunua kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nikapanda mwenyewe nikaziba, wapangaji wananishikia ngazi na kunitukana kwa zamu."

"Kisha?"

"Kisha nyingine kama hiyo. Nyumba zilizokuwa zinasubiri kuanguka. Benki ikaanza kunisalimia. Ndipo nikathubutu huu Mnara."

Picha zilifuatana: maduka, nyumba za ghorofa, kiwanja cha maghala. Halafu, ghafla, majengo yakaisha. Bwana Ghorofa alionekana katikati ya watu wa suti: konseli wa heshima, yule balozi mdogo asiyelipwa, msuluhishi wa wafanyabiashara wa mpakani, mjumbe kwenye mazungumzo na nchi jirani ya ng'ambo ya milima. Katika kila picha alikuwa amesimama pembeni, kama mtu aliyekaribishwa kwa makosa.

Inspekta aliweka kidole pale mabadiliko yalipoanzia. "Kuanzia hapa hujajenga tena."

"Mkwe wangu ndiye anajenga."

"Mtu anaacha utajiri unaomwagika ili akafuate suti?"

"Suti nilikuwa nazo tayari."

"Wizarani wameniambia uliachiwa uchague kituo. Kulikuwa na mji wenye ufukwe, nyumba ya balozi ina bustani. Wewe ukaomba ng'ambo ya milima, ambako ubalozi wetu umefungwa tangu tulipogombana nao. Kituo ambacho hata makarani wanakikimbia. Wanasema paa linavuja."

"Paa nalimudu."

Koplo alitaka kucheka, akajizuia.

"Timazi yuko wapi?" Inspekta aliuliza, sauti ileile.

Mzee alikunja mikono juu ya meza. "Sikumzika."

"Hilo nimeshalijua. Yuko wapi?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Kamati itakunyima ubalozi."

"Najua. Mngenitisha kwa jela, ningelala vizuri zaidi."

Simu ya mezani ililia. Aliomba radhi, akaipokea, akazungumza kwa lugha ambayo Inspekta hakuifahamu. Aliizungumza bila kutafuta maneno, polepole, kwa unyenyekevu wa mtu anayebembeleza. Kisha akaweka simu na kuwasindikiza hadi mlangoni.

Nje, katibu muhtasi alisema lugha hiyo ni ya ng'ambo ya milima. "Bosi ana mwalimu wake, mtaa wa nyuma. Ameanza kusoma kwake tangu mimi sijaajiriwa."

Kwenye lifti Koplo hakuweza kujizuia. "Afande, huyu ni jasusi. Timazi akagundua, wakamzima."

"Jasusi gani anapokea simu mbele ya polisi?"

"Jasusi mzoefu."

"Na sweta?"

Koplo alifikiri ghorofa kadhaa. "Sweta bado nalifanyia kazi."

*

Mwalimu alikuwa bibi mwenye miwani mikubwa, mzaliwa wa ng'ambo aliyeolewa huku, na kwa muda mrefu alikuwa mtangazaji wa redio. Sebule yake ilijaa makopo ya maua kiasi kwamba Koplo ilimbidi apakate moja ili apate pa kukaa.

"Nimefundisha watu wengi," alisema. "Wote huanza na salamu. Yeye siku ya kwanza alikuja na maneno yake, akataka hayo tu."

"Maneno gani?"

"'Naomba kumwona.' 'Yuko hai?' 'Anaumwa nini?' 'Nimemletea blanketi.'" Bibi alivua miwani. "Nikamwambia, bwana wee, hujui hata kusema asante. Akaniambia asante atajifunza siku atakapokuwa na sababu ya kuisema."

"Hukumuuliza ni nani huyo anayetaka kumwona?"

"Nilimuuliza. Akafunga daftari akasimama. Sikuuliza tena, nilimpenda kama mwanafunzi."

"Na asante, ameshajifunza?"

"Mwezi uliopita. Alikuja hapa hajanyoa, macho mekundu. Akaniambia, mwalimu, nifundishe asante. Zote zilizopo."

Inspekta aligeukia dirisha. "Kwenu milimani kuna baridi, bibi?"

"Baridi? Ukianika shuka asubuhi, jioni unaliingiza ndani kama ubao."

"Na mpaka ulifungwa lini?"

"Nilisoma mimi mwenyewe ile taarifa. Asubuhi moja tu, bila onyo. Waliokuwa huku wakabaki huku. Watu wa huku waliokutwa kule walikamatwa, wote wakaitwa majasusi, na serikali ya kule ikakana kwamba inao. Mwaka hasa siukumbuki." Alifikiri. "Ila huo Mnara ulikuwa bado shimo. Nilikuwa nalizunguka kwenda studio, viatu vinajaa matope."

Walipotoka, Koplo alikuwa bado ameshika kopo la maua. Alirudi kuliacha, akamkuta Inspekta amesimama chini ya kibaraza.

"Afande, sweta."

"Ndiyo, Koplo. Sweta."

*

Bwana Ghorofa hakuonekana kushangaa kuwaona tena jioni ileile. Safari hii Inspekta alikaa.

"Tufanye hivi," alisema. "Mimi nitasema, wewe nyamaza. Nikikosea, nikatize. Usipokatiza, hakuna atakayesema kwamba umetoa siri."

Mzee alimtazama kwa makini, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Ulikuwa unajenga Mnara bila winchi. Zege la msingi mlilipandisha na kulishusha kwa ndoo, lakini kuta zisingepanda hivyo. Winchi ya bei unayoiweza ilikuwa ng'ambo ya milima. Ukahitaji mtu anayejua mashine nzuri na mbovu, tena unayemwamini. Timazi alimaliza zege, akaoga, akala, akachukua sweta, akavuka mpaka."

Kimya.

"Alivuka bila vibali, kwa sababu vibali vingechukua muda na wewe ulikuwa na haraka."

Mzee alifumba macho. Hakukatiza.

"Mpaka ukafungwa, yeye yuko kule. Akakamatwa pamoja na wengine. Serikali ya kule ikasema haina mtu kama huyo. Tajiri hana mlango wa kugonga kwenye jambo kama hilo. Konseli anao mdogo. Mjumbe wa mazungumzo anao mkubwa kidogo. Balozi ndiye mwenye mlango wenyewe. Ukaacha majengo, ukaanza kupanda ngazi hiyo."

Kimya.

"Ulichelewa. Timazi alifia huko, na sasa unakwenda kuomba mwili wake."

"Hapo umekosea," alisema Bwana Ghorofa.

Koplo aliacha kuandika.

"Yuko hai," mzee alisema. "Nilimwona mwaka huu, tulipokwenda kwenye mazungumzo. Walitupitisha kando ya hospitali ya gereza. Kulikuwa na mtu juu ya ngazi anapiga lipu ukuta, mwiko mkono wa kushoto. Amezeeka, amekonda, lakini ukuta ulikuwa umenyooka, Inspekta. Sikuhitaji kuona uso."

"Ulizungumza naye?"

"Sikuthubutu hata kusimamisha gari. Zamani gazeti moja la huku liliandika kidogo tu kuhusu wafungwa wa kule. Wiki hiyohiyo walihamishwa, na ilinichukua miaka kupata tena fununu ya walipo. Tangu hapo nimefunga mdomo. Sasa kule wamebadilisha uongozi. Mwezi uliopita wamekubali kuwatoa waliobaki, ila kimyakimya, na kwa sharti moja. Watawakabidhi kwa balozi tu, ndani ya ubalozi uliofunguliwa. Hapana balozi, hapana makabidhiano. Mkinizuia mimi, mpaka apatikane mwingine anayekitaka kile kituo..."

Inspekta aliinama mbele. "Nimekuelewa kuhusu miaka ya baada ya gazeti. Na mwaka wa kwanza? Wakati ule hakuna aliyekukataza kumwambia mkewe."

"Mwaka wa kwanza nilikuwa mwoga. Nilimtuma bila vibali. Niliogopa kufungwa, niliogopa benki. Kila siku nilisema kesho nitakwenda kwake. Baadaye nikapata sababu nzuri ya kunyamaza, nikajificha nyuma yake."

"Basi leo utakwenda."

"Akisema nje, Inspekta, akipiga kelele sokoni—"

"Nilimwahidi kwamba chochote kitakachokuwa, wao watajua kwanza. Ahadi ni yangu, lakini maneno ni yako. Chukua koti."

*

Mke wa Timazi alikuwa anafunga madirisha. Binti yake alikuwa anafagia vipande vya vitambaa. Bwana Ghorofa alisimama kizingitini na hakuvuka mpaka Inspekta alipomgusa kiwiko. Akazungumza amesimama. Hakujipamba. Alisema alimtuma, alisema kwa nini, alisema aliogopa, alisema alichokiona juu ya ngazi.

Binti aliketi chini, palepale kwenye vipande vya vitambaa.

Mama hakulia. Alishika kichwa cha cherehani kama mtu anayeshika mkono wa jirani kwenye kiti cha basi.

"Alikuwa anapanda ngazi?"

"Alikuwa juu kabisa."

"Kwa hiyo magoti mazima."

"Magoti mazima."

"Anajua kama ana mtoto?"

"Hajui lolote, mama. Hatujaweza kumfikishia hata salamu."

Mama alichomoa uzi kwenye cherehani, akauzungusha kidoleni. Kisha akasema, "Nimemzika mara nyingi kwenye lile jengo lako. Kila nikipita nilikuwa nageuza uso. Ulishindwa hata kuja kunidanganya?"

Bwana Ghorofa alitazama vipande vya vitambaa sakafuni.

"Hilo la uoga tutaliongea, tena sana. Lakini tutaliongea akiwapo mwenyewe." Mama alimgeukia Inspekta. "Ijumaa nimeitwa mbele ya kamati. Nikasemeje?"

"Sheria inakuruhusu kuondoa malalamiko bila kueleza sababu. Mimi nitawasomea nilichothibitisha. Timazi alitoka kwenye jengo akiwa hai, na hapana ushahidi wa mauaji. Yote ni kweli. Mwenyekiti atapewa mengine faraghani."

"Watu watasema nimenunuliwa."

"Watasema."

Binti aliinua uso. "Waache waseme, mama. Mimi nataka kumwona huyo mtu."

*

Ukumbi wa kamati ulijaa. Waandishi wa habari walikuwa wamekaa mbele, na wapangaji wa zamani wa Bwana Ghorofa walikuwa wamejazana nyuma, nusu wamekuja kumtetea, nusu kuona anavyoanguka. Inspekta alisoma taarifa yake fupi bila kuinua macho. Minong'ono ilipanda pale aliposema hapana kaburi, wengine wakionekana kama walionyang'anywa kitu chao. Kisha mke wa Timazi akaitwa.

Alikuwa amevaa vizuri, gauni alilolishona mwenyewe. Alisimama bila kuegemea meza.

"Naondoa malalamiko yangu."

Mjumbe mmoja wa kamati alivuta kipaza sauti. "Mama, wiki hii ulikwenda polisi ukimtuhumu mtu huyu. Leo unaondoa. Je, umeahidiwa chochote?"

"Nimeahidiwa."

Koplo alishika mkono wa kiti chake. Mwenyekiti, aliyekuwa ameshaelezwa yote asubuhi hiyo, aliacha kugeuza kalamu.

"Umeahidiwa nini?" aliuliza mjumbe.

"Kazi nzuri," alisema mama. "Mnataka awe balozi, siyo? Ameniahidi kwamba ataifanya kazi yake. Mimi niliuliza swali, nimejibiwa. Mwenye swali jingine aulize lake."

Kicheko kilitoka nyuma, kisha makofi machache. Mjumbe alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alisema kamati imeridhika na shahidi.

Kura zilipigwa kabla ya chakula cha mchana. Bwana Ghorofa alipita, si kwa wingi wa kutamba, lakini alipita. Kwenye ujia watu walimzonga kumpa mikono. Alipofika aliposimama mke wa Timazi, watu walijitenga ili waone kitakachotokea. Inspekta alikuwa karibu vya kutosha kusikia.

"Usirudi peke yako, shemeji," alisema mama.

Mzee aliinamisha kichwa.

"Ulivyomwita pale," Koplo alimuuliza mama baadaye, wakimsindikiza kwenye ngazi, "ni shemeji yako kweli?"

"Zamani walikuwa wanaitana ndugu, yeye na mume wangu. Nimemrudishia kwa mkopo," alisema. "Tutaona kama anastahili."

*

Mvua zilikuja zikaisha. Magazeti yaliandika mistari michache kwamba ubalozi wa ng'ambo ya milima umefunguliwa na kwamba balozi mwenyewe ameonekana juu ya paa akiwa na nyundo, jambo ambalo wizara ililiona si la heshima. Baada ya hapo hakuna kilichoandikwa tena. Mke wa Timazi alikuwa akipita kituoni kila alipokwenda kununua nyuzi. Hakuuliza. Alisalimia, akatazama uso wa Inspekta, akaenda zake.

Simu iliita asubuhi moja Inspekta akiwa anasoma maelezo ya wizi wa baiskeli. Laini ilikuwa inakwaruza.

"Inspekta," ilisema sauti ya Bwana Ghorofa. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi mbio. "Kuna mtu hapa mbele yangu. Ameketi kwenye kiti cha ubalozi, anakunywa chai ya ubalozi. Wameshatia sahihi. Nataka aseme nawe kwanza, kisheria, ili usije ukasema nimekudanganya."

Simu ilibadilishwa mikono. Inspekta alisikia pumzi, kisha kukohoa, kisha sauti nzito iliyokuwa inapima kila neno kabla ya kuliachia, kama mtu anayekanyaga mbao asiyejua kama zitambeba.

"Hodi huko."

"Karibu," alisema Inspekta.

"Mimi ni fundi. Fundi mwashi. Naambiwa wewe unaijua familia yangu. Huyu mzee ananieleza mambo mengi kwa mpigo, analia, simwelewi. Nataka kujua kitu kimoja, halafu mengine yatakuja. Mke wangu bado yupo?"

Inspekta aliinua macho. Koplo, ambaye alikuwa amesikia kila kitu kwa sababu sikio lake lilikuwa karibu kugusa simu, alikuwa ameshasimama. Kofia aliisahau mezani, mlango akauacha wazi, na hatua zake nzito zikasikika zikikata uwanja kuelekea mtaa wa duka la ushonaji.

"Yupo," alisema Inspekta. "Yupo, na hakuolewa tena, na una binti muuguzi. Kaa hapohapo, baba. Usikate simu."